Pikipiki za kale za Uingereza: Zilizikwa na wenye viwanda, zikafufuliwa na mafundi

KILA asubuhi, mafuta yakipatikana, barabara ya kutoka Rumonge kwenda Bujumbura hujaa pikipiki za TVS. Zinabeba abiria, magunia ya muhogo, madumu ya mawese na wakati mwingine mbuzi. Wengi wetu tunajua kuwa pikipiki hizo asili yake ni India. Wachache wanajua kuwa mwezi Aprili 2020 kampuni hiyo hiyo ya TVS ilinunua Norton, moja ya majina makubwa kabisa katika historia ya pikipiki za Uingereza, kwa pauni milioni 16.

Si Norton peke yake. Royal Enfield, iliyoanza kuunda pikipiki mwaka 1901 katika mji wa Redditch, leo ni mali ya Wahindi na makao yake ni Chennai. Jina la BSA la Birmingham nalo lilichukuliwa mwaka 2016 na kampuni tanzu ya Mahindra. Mtawaliwa wa jana ndiye mwenye duka leo. Dunia ni duara.

Lakini ndugu msomaji, leo sitaki kuzungumzia wenye viwanda. Nataka kuzungumzia watu wasiotajwa magazetini: mafundi wa Uingereza ambao kwa zaidi ya nusu karne wamekuwa wakizifumua pikipiki hizo kuukuu, kuzifunga upya, kuziboresha na kuziuza. Mimi si fundi. Ni mwalimu wa Kiingereza na Kiswahili. Nilianza kuvisoma vitabu vyao vya ufundi kwa ajili ya kutafuta mazoezi ya lugha kwa wanafunzi wangu, nikajikuta nasoma kwa sababu nyingine, ambayo nitaieleza.

Walivyopanda na walivyoanguka

Katika miaka ya 1950 Uingereza ilikuwa juu kabisa katika biashara ya pikipiki. BSA, ambayo jina lake linatokana na kiwanda cha bunduki kilichoanzishwa Birmingham mwaka 1861, iliinunua Triumph mwaka 1951 na ikajitangaza kuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote duniani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili peke yake BSA ilitoa pikipiki za M20 zipatazo 126,000 kwa ajili ya jeshi. Triumph nayo, baada ya kiwanda chake cha Coventry kupigwa mabomu na Wajerumani mwaka 1940, ilihamia Meriden, na mwaka 1959 ikatoa Bonneville ya cc 650 ambayo vijana wa Marekani waliigombania.

Walilewa sifa. Mitambo yao ilikuwa ya zamani, injini zilivuja oili, na wakubwa wa kampuni waliamini kuwa Wajapani wataishia kwenye pikipiki ndogo. Mwaka 1969 Honda ikaleta CB750: silinda nne, breki ya diski mbele, kuwasha kwa kitufe badala ya kupiga kiki, na haikuvuja. Ndani ya miaka michache BSA ikawa hoi. Serikali ya Uingereza ilisukuma kampuni ziungane mwaka 1973, na mwaka huo huo ilipotangazwa kwamba kiwanda cha Meriden kitafungwa, wafanyakazi walikikalia. Hatimaye mwaka 1975 wakakiendesha wenyewe kama chama cha ushirika, mpaka kikafa mwaka 1983. Jina la Triumph likanunuliwa na mfanyabiashara wa ujenzi, John Bloor, ambaye alijenga kiwanda kipya Hinckley na kuanza kuuza pikipiki mpya kabisa mwaka 1991.

Kwa hiyo kwa miaka kadhaa viwanda vilikuwa kimya. Nani aliyezitunza pikipiki zilizokwisha kuuzwa? Ni wenyewe waliozipanda. Mwaka 1946 huko Surrey wapenzi wa pikipiki za zamani walikuwa wamekwisha kuanzisha chama chao, Vintage Motor Cycle Club. Vyama vya namna hiyo viliokota madaftari ya viwanda vilivyokufa, yenye namba za kila pikipiki na tarehe iliyotoka. Wengine walinunua mabaki ya spea kutoka kwenye maghala, na zilipokwisha wakaanza kuzitengeneza upya. Leo mtu anaweza kupata karibu kila kipuri cha Bonneville ya mwaka 1968, jambo ambalo haliwezekani kwa pikipiki nyingi changa kuliko hiyo.

M20 ya Katumba

Sasa nieleze sababu yangu. Nimezaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi yaliyokuwa mkoa wa Rukwa, ambao sehemu hiyo leo ni Katavi. Wazazi wangu walivuka mpaka mwaka 1972. Nilisoma kwa Kiswahili na Kiingereza, nyumbani tukizungumza Kirundi.

Pale kwetu alikuwepo mzee mmoja katekista mwenye BSA M20. Kwa maelezo yake aliinunua Tabora, na kabla yake ilikwisha kupita mikono mingi tangu jeshi lilipoiuza baada ya vita. Ilikuwa na silinda moja ya cc 500, nzito kama ng'ombe, lakini ilipanda mchanga bila kulalamika. Fundi wetu hakuwa na spana za Kiingereza. Alichukua spana za kawaida akazikwangua kwa tupa mpaka zikakaa kwenye nati. Gasketi alizikata kwenye maboksi. Mpira wa klachi aliuchonga kwenye tairi la gari. Pikipiki ilitembea.

Mwaka 2009, wakati sisi tulioamua kurudi tulipokuwa tunafungasha, mzee alimuuzia mfanyabiashara wa mjini. Yule bwana hakuuliza mwaka wala namba. Alikadiria uzito wake kwa macho na kutaja bei ya chuma. Mzee alipotaka kumpa kadi ya usajili ya enzi ya Tanganyika, bwana yule alicheka akasema chuma hakina kadi. Mzee akairudisha kadi ndani ya kopo la bati, pamoja na risiti ya kodi ya marehemu baba yake inayotaja kilima chao cha hapa Burundi. "Mwanangu," aliniambia, "karatasi haina uzito. Nitaibeba."

Tulipofika, kopo lile lilifunguliwa mara nyingi. Shamba la familia yake lilikuwa na watu wengine, nao walikuwa na watoto waliozaliwa hapo hapo. Hawakuwa na karatasi, lakini walikuwa na nyumba na migomba. Mzee alikuwa na karatasi, lakini hakuwa hata na mche mmoja. Baada ya kukaa vikao vingi waligawana nusu kwa nusu, na hadi anafariki dunia walisalimiana. Kadi ya pikipiki ilibaki kwenye kopo. Miaka ile ndiyo nilipokuwa nasoma jinsi Waingereza wanavyofufua pikipiki zao, nikaona kuwa swali lao kubwa linafanana na letu: kitu kilichokaa mbali na kubadilishwa viungo, kinathibitishaje kuwa ni chenyewe?

Kuifumua na kuifunga

Kazi ya kwanza ya fundi mzuri wa Uingereza si kushika spana. Ni kusoma namba. Pikipiki ina namba kwenye fremu na namba kwenye injini. Fundi anazilinganisha na madaftari ya kiwanda ambayo vyama vinayo, ili ajue kama injini na fremu vilitoka kiwandani pamoja. Zikiwa pamoja, bei inapanda. Zisipokuwa pamoja, si kosa, ila lazima mnunuzi aambiwe. Wapo matapeli wanaokwangua namba na kugonga nyingine. Ndiyo maana kuanzia mwaka 1969 hivi Triumph walikuwa wakigonga namba ya injini juu ya alama ndogo ndogo za jina lao, ili anayekwangua aonekane.

Baada ya hapo ndipo wanaifumua. Kila hatua inapigwa picha, na kila nati inawekwa kwenye mfuko wenye maandishi. Spana zao ni tatizo lile lile la Katumba. Pikipiki nyingi za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 zilifungwa kwa vipimo vya Whitworth, mfumo ulioanzishwa na Joseph Whitworth mwaka 1841. Spana ya Whitworth imeandikwa kwa unene wa bolti, si kwa upana wa kichwa cha nati. Anayelazimisha spana ya milimita anaila nati mpaka inakuwa duara.

Kwenye injini kuna mambo ambayo jicho haliyaoni. Krenki ya Triumph na ya BSA za silinda mbili ina kijibomba ndani yake kinachokusanya uchafu wa oili kwa nguvu ya kuzunguka. Baada ya miaka 40 kinajaa tope gumu kama lami. Fundi wa haraka atapaka rangi tangi, atang'arisha ekzosi kwa kromu, atauza. Mnunuzi atakwenda kilometa mia chache, kisha oili itakosa njia ya kufika kwenye beringi za konrodi na injini itajifunga. Fundi mwaminifu anaifungua krenki, anakisafisha kijibomba, na anampa mnunuzi picha.

Yapo pia mambo ya afya. Breki za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake huleta saratani. Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999. Kwa hiyo anayefungua breki ya kale hapulizi vumbi kwa mdomo wala kwa kompresa. Analowanisha kwanza. Vijana wetu wa gereji wazingatie hilo hata kwa magari ya zamani yaliyopo hapa.

Kuboresha au kuacha?

Hapa ndipo wapenzi wa pikipiki hizi wanapogombana mpaka usiku. Upande mmoja unasema pikipiki ibaki kama ilivyotoka kiwandani, hata rangi iliyopauka isiguswe. Upande wa pili unasema pikipiki ni ya kupanda, na barabara za leo si za mwaka 1955.

Wanaoboresha huanzia kwenye umeme. Mifumo mingi ilitengenezwa na kampuni ya Lucas ya Birmingham, na ilikuwa inasumbua kiasi kwamba wapanda pikipiki walimpachika Joseph Lucas jina la Mkuu wa Giza. Volti 6 zinabadilishwa kuwa 12, taa zinawekwa za kisasa zisizokula umeme, na zile pointi za kuwashia cheche, ambazo huchakaa na kutaka kurekebishwa kila mara, zinaondolewa na kuwekwa kifaa cha elektroniki. Jambo la kuangalia ni kwamba pikipiki nyingi za Kiingereza zilifungwa waya chanya wa betri kwenye bodi, kinyume na tulivyozoea. Fundi akisahau, kifaa kipya kinaungua sekunde hiyo hiyo.

Kabureta za Amal nazo huliwa ndani kwa sababu bati lake ni laini. Wengine huweka mpya ya Amal iliyoboreshwa, wengine huweka Mikuni ya Kijapani. Tangu petroli yenye risasi iliposimamishwa Uingereza mwishoni mwa 1999, baadhi ya mafundi huweka viti vigumu vya valvu. Na tangu Septemba 2021, petroli ya kawaida ya huko ilipoanza kuchanganywa na ethanoli hadi asilimia 10, mipira ya mafuta na matangi ya faibaglasi vimekuwa vikiharibika, hivyo navyo hubadilishwa.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Miaka ya 1960 vijana wa London waliokuwa wakikutana Ace Cafe walichukua injini ya Triumph, iliyokuwa bora kwa kasi, wakaiweka kwenye fremu ya Norton iliyoitwa Featherbed, ya ndugu wawili McCandless wa Belfast, iliyokuwa bora kwa kukata kona. Wakaiita Triton. Hakuna kiwanda kilichoiunda. Leo Triton nzuri inauzwa na kuheshimiwa kwa jina lake. Kwa maneno mengine, chotara naye ana nyumba yake, mradi asidanganye kuhusu wazazi wake.

Zinazorudi nyumbani

Kundi lililonivutia zaidi ni pikipiki zenyewe zinazorudi kutoka ugenini. Bonneville nyingi za miaka ya 1960 ziliuzwa Marekani, zikazeeka katika mabanda ya California na Texas. Wafanyabiashara wa Uingereza wamekuwa wakizinunua huko na kuzirudisha kwa makontena, kwa sababu sehemu kavu za Marekani hazina kutu kama kwao.

Hata hivyo kuzaliwa Meriden hakutoshi. Ikifika bandarini, pikipiki inatangazwa kwa mamlaka ya kodi. Kisha inahitaji hati ya chama inayothibitisha mwaka wake kwa kufuata namba, ndipo ipewe kibao cha namba kinacholingana na umri wake. Ikiwa na umri wa miaka 30 au zaidi na iko katika hali yake ya asili bila kubadilishwa sana, inaweza kuingia kama kitu cha kumbukumbu: hailipi ushuru wa forodha, na kodi yake ya ongezeko la thamani ni asilimia 5 badala ya 20. Iliyobadilishwa mno inaweza kuikosa nafasi hiyo. Baadaye, ikifikisha miaka 40, haidaiwi kodi ya barabara, na tangu Mei 2018 hailazimiki kwenda kukaguliwa kila mwaka, isipokuwa zile zilizogeuzwa sana.

Nilipoyasoma hayo nilitabasamu peke yangu darasani. Hata chuma kikirudi kwao kinaulizwa: una karatasi? Umebadilika kiasi gani? Sisi tuliorudi tukiongea Kirundi chenye lafudhi ya Kiha, Kifaransa hatukijui, tunalijua swali hilo.

Sokoni

Je, biashara hii inalipa? Inategemea. Pikipiki ya majina makubwa inaweza kutisha. Vincent Black Lightning ya mwaka 1951, aina iliyoundwa chache sana, zipatazo 30, iliuzwa mnadani Las Vegas Januari 2018 kwa dola za Marekani 929,000. Lakini hiyo ni bahati ya wachache. Pikipiki nyingi za kawaida huuzwa kwa maelfu ya pauni, na mara nyingi fundi akijumlisha spea, rangi, kromu na saa zake, anakuta ametumia zaidi ya alichopata. Wanaoishi kwa kazi hii ni wale wenye utaalamu mmoja wanaoaminika kwao: huyu krenki, yule magurudumu, mwingine dainamo. Wateja huja kwa jina, si kwa tangazo.

Na jina hujengwa kwa daftari. Muuzaji mzuri anakabidhi pikipiki pamoja na faili: risiti, picha za kabla na baada, orodha ya vilivyobadilishwa, na mara nyingi sanduku la vipuri vya zamani vilivyotolewa, ili mnunuzi akitaka siku moja airudishe ilivyokuwa. Mtu hakatazwi kubadilisha. Anakatazwa kuficha.

Ufundi huo una nguvu kuliko moto. Mwezi Septemba 2003 Makumbusho ya Taifa ya Pikipiki karibu na Birmingham yaliungua, na mamia ya pikipiki zikageuka mifupa myeusi. Mwishoni mwa 2004 yalifunguliwa tena, nyingi zikiwa zimefufuliwa, kwa sababu michoro ilikuwepo, namba zilikuwepo, na mikono inayojua kazi ilikuwepo.

Sisi tujifunze nini?

Mosi, vijana wanaojifunza ufundi katika gereji zetu wafundishwe kuandika. Daftari la faranga chache, lenye tarehe na kipuri kilichobadilishwa, linampa mwenye pikipiki sababu ya kurudi na linampandishia bei siku akiuza.

Pili, tusidharau fundi anayetengeneza kwa tupa. Uingereza viwanda vilipofungwa, ni watu kama huyo walioshika kazi. Yule wa Katumba hakuwa na cheti chochote, lakini kazi yake haikutofautiana na inayolipwa kwa pauni.

Tatu, tuangalie mabanda ya babu zetu. Huku kwetu Wabelgiji walikuja na pikipiki zao za kutoka Herstal, za FN, Saroléa na Gillet, na kutoka ng'ambo ya ziwa zilivuka za Kiingereza. Kama ipo moja imelala chini ya majani ya migomba, usiipeleke kwenye mizani kwanza. Ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, tafuta namba kwenye fremu na kwenye injini, uziandike mahali pawili. Muulize bibi kama kuna kopo au sanduku lenye karatasi. Ukiamua kuiuza, iuze pamoja na karatasi yake, kwa mtu atakayekubali kuzichukua zote mbili.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule ya sekondari Rumonge.